Fimbo Iliyofika Kidevuni

Kwanza iheshimiwe fimbo.

Watu wakipita mbele ya nyumba ya Mama Pacha husifu roshani, husifu vigae, wengine husifu hata geti, ambalo limekuwa likilia kama mbuzi tangu siku lilipofungwa. Lakini fimbo hakuna anayeitaja. Hiyo ni dhuluma, na irekebishwe hapa hapa. Ilikuwa kipande cha mbao ngumu, kimekuwa cheusi kwa jasho la viganja, kimenyooka kama kiranja mkuu mbele ya mgeni rasmi. Kila ncha ilikuwa imepigiliwa kizibo cha soda ili isilike. Haikuwa na namba hata moja. Urefu wake wote ulikuwa kimo cha dirisha; kutoka ncha ya chini mpaka alama moja ya msumeno ulikuwa upana wa dirisha. Hesabu nyingine zote iliwaachia waliosoma.

Wenye fimbo walikuwa wawili. Mmoja alikuwa fundi wa madirisha, mrefu, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku za sikukuu. Huyo mtaa mzima ulimwita Fremu. Wa pili alikuwa mwashi, mfupi, mcheshi, na kuta zake zilisimama wima hivi kwamba walimbatiza Pimamaji. Fremu alikuwa amemwoa dada yake Pimamaji. Basi wao kwa wao walikuwa shemeji, na tangu ndoa ile hakuna aliyewahi kumwita mwenzake kwa jina jingine. "Shemeji, nipe msumari." "Shemeji, nenda kaoge." Wapita njia walidhani ni ugomvi, kumbe ndiyo mapenzi yenyewe.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Pimamaji akijenga ukuta, kila mahali pa dirisha aliisimamisha fimbo, akaongeza unene wa ukucha ili fremu ipate kupumua, ndipo akamwaga linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya dirisha. Matundu yote yakishakuwa tayari, aliibeba fimbo hadi karakanani kwa shemeji yake na kumkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima ya mtu anayekabidhi kombe. Fremu naye akakata mbao kwa fimbo ile ile. Kwenda kwenye jengo kupima matundu mwenyewe hakuwahi, na wala hakuwazia. Kupima kazi ya shemeji yake kungekuwa sawa na kumpekua mifuko. Tepu alikuwa nayo nyumbani, lakini mkewe aliitumia kupimia mapazia.

Jambo moja zaidi kuhusu fimbo, halafu tutaiacha ipumzike. Ikisimamishwa chini, ilimfika Fremu puani. Kila alipochoka alitamani kuegemeza kidevu juu yake apumue kidogo, na kila mara kizibo kilimgusa pua. Pimamaji hakuchoka na hilo.

"Fimbo inakunusa, shemeji. Inataka kujua kama umeoga."

"Na wewe ikunuse wapi? Ikisimama tu imeshakupita. Siku ikikuangukia tutasema jengo limeporomoka."

Walicheka hivyo miaka nenda miaka rudi, utani ule ule, na haukuchacha.

*

Mama Pacha alikuwa na duka la vitambaa, mapacha wawili wasiokaa kimya, na nyumba hii iliyokuwa imefika hatua ya madirisha. Alikuwa pia na kiwanja kingine, kikubwa, ambapo alikusudia kujenga bweni la wasichana la ghorofa. Siku moja aliwaita mafundi wake wawili, akawaambia waziwazi kwamba mmoja wao ndiye atakayekuwa msimamizi wa bweni lile, wa kusema nini kiende wapi, na kwamba atamchagua siku madirisha ya nyumba hii yatakapofungwa.

"Nataka niione kazi ikiwa imekamilika," alisema. "Maneno matamu ninayo ya kutosha dukani."

Sasa, Fremu hakuwa mtu wa makuu. Lakini maisha yake yote alikuwa akiitwa wakati kuta zimeshasimama. Anakuta tundu, anaziba tundu, anakwenda zake. Mara nyingi alijikuta ndani ya chumba akisema moyoni, dirisha hili lingekaa upande ule, mtoto angeamka na jua badala ya kuamka na ukuta wa jirani. Lakini zege lilikuwa limeshakauka. Kusimama juu ya ardhi tupu, anyooshe kidole na kusema mwanga uingilie hapa, hilo alilitaka jinsi mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Alilitaka sana hata akaona haya.

Jioni ile Pimamaji alikuja kula kwa dada yake, kama kawaida yake. Fremu aliyatoa moyoni kabla chai haijapoa.

"Shemeji, hili jambo lisije likatuingilia. Atakayepata, mtu wa kwanza kumchukua awe mwenzake."

"Hilo nalo la kuambiana?" Pimamaji alimpa mkono juu ya meza. "Nikipata mimi, wewe ndiwe madirisha. Ukipata wewe, mimi ndimi kuta. Dada, shahidi!"

"Mimi sitaki ushahidi," mkewe Fremu alisema akiwapakulia. "Mimi nataka mmoja wenu aniwekee rafu jikoni, mmenidanganya tangu mwaka jana."

Wakacheka mpaka mtoto mdogo akaamka. Pimamaji ndiye aliyembembeleza akalala tena begani kwake. Wiki iliyofuata akaleta fimbo karakanani, kwa mikono miwili. "Haya, shemeji. Mpira uko kwako." Fremu akakata mbao, akaunga pembe, akapiga randa na msasa mpaka fremu zikawa laini kama shavu. Mara kwa mara shemeji yake alipita kumjulia hali na kuzipapasa. "Zinapendeza," alisema. "Zinapendeza sana."

*

Siku ya madirisha Mama Pacha alifika mapema, na mwavuli wake, akaketi kwenye benchi la vibarua. Benchi lile lilikuwa na sifa zake mbaya. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, na kila aliyelikalia lilimpembeza kama mtoto mchanga. Mama Pacha alijishika kabisa, tayari kwa safari. Benchi halikutikisika.

"Kulikoni? Benchi limeokoka?"

"Mzee Pimamaji kalitia kabari asubuhi hii, mama," alijibu kibarua aliyekuwa akichanganya saruji, kijana wa maneno mengi aliyeitwa Redio. "Kasema mgeni wa heshima asianguke. Sisi tumeanguka mwaka mzima, hakuna aliyetuwekea hata kokoto."

"Huyu hatupi kitu," Mama Pacha alimsifu. Na ilikuwa kweli. Pimamaji alinyoosha misumari iliyopinda, alihifadhi mifuko mitupu ya saruji, na kipande cha mbao chenye ukubwa wa kidole kwake kilikuwa mali.

Wakabeba fremu ya kwanza, Fremu upande huu na Redio upande ule, Pimamaji akisimamia kama mwalimu wa zamu. Wakaikalisha kizingitini. Kwa upana iliingia kama mkono kwenye mfuko. Fremu akatabasamu, akainua uso kutazama juu.

Juu palikuwa na anga.

Kati ya fremu na linta palikuwa na pengo la vidole vinne vizima. Fremu alitia mkono, ukapita mpaka kwenye kifundo. Wakachukua fremu ya pili, wakaipeleka dirisha la sebuleni. Anga. Jikoni, anga. Chumba cha mapacha, anga tena, na ndege mmoja aliyekuwa darini akatumia nafasi hiyo kutoka.

"Fundi," Mama Pacha aliita kutoka kwenye benchi lake lililotulia, "hilo pengo juu ni mtindo mpya?"

"Ni mlango wa paka, mama," Redio alisema. "Aingie bila kusumbua wenye nyumba."

Vibarua wakaangua kicheko. Fremu alihisi masikio yakimwaka moto. Alizikumbuka mbao zote alizozikata, moja baada ya nyingine, akijiona mezani, fimbo imelala juu ya mbao, penseli ikipita pembeni ya kizibo. Alikosea wapi? Na angewezaje kukosea kote, kwa kiasi kile kile?

Hapo ndipo shemeji yake alipomwekea mkono begani, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kumliza mtu.

"Mama, tusimlaumu. Macho ya binadamu nayo yana umri wake. Huyu ni fundi, nitasema hivyo popote. Ila siku hizi..." Akatingisha kichwa. "Juzi dada kaniambia katia chumvi kwenye chai. Si kosa lake. Kazi kubwa inataka mtu ambaye akili imetulia."

"Chumvi kwenye chai?" Mama Pacha aliuliza.

"Mikebe inafanana," Fremu alijitetea, akajisikia mwenyewe jinsi alivyosikika.

"Inafanana, shemeji, inafanana," Pimamaji alimpapasa mgongo. "Nenda kapumzike ndani kidogo. Mimi nitazungumza na mama."

Basi Fremu akaichukua fimbo yake akaingia chumba cha mapacha. Bweni lilikuwa limekwenda, hilo alilijua. Lakini lililomchoma zaidi ni kwamba alikuwa ameaibisha wawili. Shemeji wa watu kamtetea mbele ya kadamnasi, na yeye kamlipa nini? Akaisimamisha fimbo chini, akaikumbatia kwa mikono yote miwili, akaegemeza kidevu juu yake, akafumba macho.

Alikaa hivyo kitambo, na lazima ikubaliwe kwamba alikaa vizuri. Kidevu kilitulia juu ya kizibo kana kwamba kilitengenezewa pale. Shingo ikalegea. Akavuta pumzi ndefu ya huzuni.

Kisha akafumbua jicho moja.

Kidevu.

Alijiondoa taratibu, akasimama wima, kisigino sakafuni, akaisogeza fimbo usoni. Haikumnusa. Ilikoma chini ya mdomo wa chini, kimya, bila nia yoyote ya kujua kama ameoga. Fremu alitazama viatu vyake. Vilikuwa vile vile vya siku zote, soli zimelika. Akajipima tena. Ama yeye amerefuka, ama fimbo imefupika, na mtu mwenye watoto wanaonyoa ndevu hana tena habari ya kurefuka.

Akaigeuza. Kizibo cha ncha ya chini kilikuwa na kutu hata kwenye kichwa cha msumari wake. Kizibo cha ncha ya juu kilikuwa kile kile cha zamani, kimebonyea pale pale, lakini msumari uliokishika uling'aa. Chini ya kizibo, ukingo wa mbao ulikuwa umepakwa grisi iliyochanganywa na masizi, kwa uangalifu mkubwa, kazi ya mtu asiyependa kuacha alama. Fremu aliikwangua kwa ukucha. Chini yake mbao ilikuwa nyeupe, mbichi, kama kidonda.

Mikono ya watu iliyoigusa fimbo ile ilikuwa minne tu. Miwili ilikuwa yake.

*

Alitoka nje na fimbo mkononi. Pimamaji alikuwa amechutama mbele ya Mama Pacha, akichora bweni mchangani kwa kijiti, na tayari lilikuwa limefika ghorofa ya pili.

Fremu hakumtazama. Alikuwa akilitazama benchi. Alimjua shemeji yake jinsi anavyomjua mkewe: huyu hatupi kitu. Chini ya ule mguu mfupi, iliyofichwa nusu na vumbi, palikuwa na kabari nyeusi, nyeusi ya jasho la viganja, na kwenye uso wake uliotazama nje palikuwa na duara la kutu lenye meno meno, ukubwa wa kizibo cha soda, na katikati ya duara tundu la msumari.

"Mama, samahani," alisema. "Naomba usimame kidogo."

"Nisimame? Kuna nini?"

"Simama tu, mama yangu, usije ukaanguka."

Pimamaji aliinua kichwa. Kijiti kilikoma ghorofani. Fremu akainama, akaichomoa kabari, na benchi likarudi kuyumba kama zamani. Akailaza fimbo chini, mchangani, juu ya bweni lote lililochorwa. Aling'oa kizibo kwa ncha ya patasi. Kisha akaiweka kabari mwisho wa fimbo na kuisukuma taratibu kwa kidole gumba.

Mistari ya mbao ilikutana. Mshipa mmoja mwekundu ulitoka ncha ya chini, ukapita alama ya msumeno, ukaingia kabarini bila kupinda na kuishia kwenye duara la kutu. Mtoto wa chekechea angeelewa. Mama Pacha, ambaye maisha yake yote alikuwa akikata vitambaa na kujua kipande kipi kimetoka kwenye jora lipi, alielewa upesi zaidi. Hata Redio ilikatika.

Pimamaji alicheka.

"Aa, shemeji! Umeigundua!" Akawageukia vibarua. "Si mnatujua sisi na utani wetu? Nilikuwa nangoja jioni nimwambie."

Hakuna aliyecheka naye. Alimtazama Fremu, akingoja. Miaka yote Fremu alikuwa akimjibu, na hata sasa jibu lilimjia lenyewe mdomoni, zuri tu, la kuvunja mbavu. Akalimeza.

"Ulinikabidhi kwa mikono miwili," alisema.

"Shemeji, sikiliza..."

"Ukaja karakanani. Ukazishika. Ukasema zinapendeza."

"Zinapendeza! Nani kasema hazipendezi?" Sauti ya Pimamaji ilipanda, kisha ikapasuka. "Ungepata wewe. Kila mtu anajua ungepata wewe. Mama mwenyewe akiongea anakutazama wewe, mimi napewa maagizo ya kokoto. Nijenge kuta zangu zote wima, halafu nikapokee amri kwa mume wa dada yangu?"

"Tulikubaliana ningekuchukua."

"Kunichukua! Ndiyo hiyo hiyo! Wewe unichukue mimi! Mimi niliyekupa mke!"

Maneno yalipokwisha kutoka, aliyasikia mwenyewe. Fremu naye alikuwa akiyasikia, na nyuma yake alisikia mengine: macho yana umri wake, dada kaniambia, mikebe inafanana. Utani wote wa miaka ile alianza kuugeuza geuza, mmoja mmoja, kama mtu aliyepokea noti moja bandia na sasa anazimulika zote zilizobaki. Hakujua tena upi ulikuwa wa kweli. Hilo ndilo lililomuuma. Pengo la vidole vinne lingezibwa kwa saruji kabla ya jua kuzama.

"Bweni ni lako, fundi," Mama Pacha alisema, akikung'uta vumbi kwenye gauni. "Na huyu aondoke kwenye nyumba yangu sasa hivi."

Fremu aliinamisha kichwa kushukuru. Alilitafuta moyoni lile alilolitamani kwa muda mrefu, akalikuta limekaa pembeni, dogo, halijui lifanye nini.

Pimamaji alimsogelea, akanong'ona. "Dada asijue. Nakuomba. Lolote, ila dada asijue."

Kuta zilingoja. Vibarua walingoja. Fremu aliiokota kabari akaitia mfukoni.

"Mama, hatoki," alisema. "Ataziba mapengo yote leo, juu ya kila dirisha, kwa mkono wake. Na bweni atajenga yeye. Nilitoa neno langu."

"Umemsamehe?"

"Hapana. Nimesema nilitoa neno. Walau mmoja wetu awe amelitoa kweli."

*

Siku ya kwanza ya bweni, kabla hajatoka nyumbani, Fremu alifungua droo ya mapazia.

"Tepu?" mkewe alimshangaa. "Na fimbo yenu je?"

"Imechoka."

"Fimbo inachoka?" Alimtazama vizuri, mwanamke asiyepitwa na kitu. "Kaka yangu hajambo? Siku hizi haji kula."

"Hajambo. Kazi nyingi."

Kiwanjani, ardhi ilikuwa tupu kama alivyoiota, imefyekwa, kamba zimefungwa kwenye vigingi. Fremu alisimama katikati, akanyoosha kidole upande wa jua linakotokea, akasema mwanga uingilie hapa. Vibarua wakaitikia. Redio hata akapiga makofi. Mwenyewe alishusha mkono, akatazama kazi.

Pimamaji alikuja na mwiko wake na ndoo. Alikuwa amejiandaa, ilionekana. Pengine alipanga la kusema njia nzima. Akaitazama ile tepu ya njano mkononi mwa msimamizi wake, akatabasamu nusu.

"Shemeji, hiyo nayo inakunusa?"

Akangoja.

Fremu alivuta ulimi wa tepu, akamkabidhi ncha yake.

"Shika hapo kwenye kigingi, fundi."

Pimamaji aliishika, kwa mikono miwili, akachutama na kuibana kwenye kigingi. Tabasamu lilikuwa limemwisha usoni bila yeye kujua limekwenda wapi. Fremu akarudi nyuma na boksi la tepu mpaka kigingi cha pili, akaivuta ikakaza, akainama kusoma namba.

Hakuisoma. Aliweka boksi chini, akalikandamiza kwa tofali, akatembea urefu wote wa ukuta ambao bado haukuwepo, mpaka kwenye ncha ile nyingine, akachutama kando ya mwashi wake, akaangalia mwenyewe kama sifuri ipo mahali pake.